Safari ya Pwani ya Mtu Asiyekula vya Watu

Tangu nirudi sijapata kukaa. Kila ninayekutana naye Ilomba ananishika mkono na kuuliza, "Ambokile, ilikuwaje huko?" na kabla sijafungua mdomo anaongeza, "Ni kweli walikukamata kwa kunyonya damu?" Habari hizo zilifika Mbeya kabla yangu, na nina mtu ninayemshuku kuzileta. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, msomeane wenyewe kwa wenyewe, mniache nikatengeneze mashine za watu.

Ilomba, kabla ya kuwasha

Kwa asiyejua: mdogo wangu Atupele ameposwa na Luka, kijana wa Kihehe aliyekuwa akiimba besi katika kwaya yetu kabla ya kuhamia Dar es Salaam kutengeneza malori. Sauti yake tuliijua. Watu wake hatukumjua hata mmoja, na mshenga alikuwa rafiki yake wa gereji tu. Nasi tuna kidonda. Dada yetu mkubwa, Subilaga, aliolewa na mtu wa namna hiyo hiyo, aliyetokea migodi ya shaba na suti yake na gramafoni yake, akamchukua mpaka Rodeshia ya Kaskazini. Huko alimkuta mke mwingine ndani. Alirudi amekonda, mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo kanisani hufungua kitabu cha nyimbo lakini haimbi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tuliumwa nyumba nzima.

Kwa hiyo baba akasema hajibu posa mpaka mtu aende pwani akaone kwa macho. Kumtafuta wa kumtuma hakukumchukua muda. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, na kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini. Mwenye mashine atakuapia kwamba hakuigusa, ukiifungua unakuta ameipiga nyundo.

"Gwe Ambokile, utakwenda wewe," baba akasema. "Wewe huamini hata jua likichomoza. Nenda ukaone anakaaje, na nani. Lakini sharti unalijua. Mjumbe hali kwa wakwe mpaka moyo wake uridhike. Ukila kwao hata tonge moja, tumekubali, sitakuwa na neno tena. Ukirudi na njaa, tumekataa."

Atupele ni msaidizi wa zahanati ya misheni, akanifungia chupa ya ile dawa nyekundu ya vidonda. Subilaga ndiye aliyenifuata nje nilipokuwa nakaza spoku za tukutuku yangu.

"Tazama mlangoni kwake," akasema. "Tazama viatu. Mimi niliviona viatu vya kike siku ya kwanza. Akaniambia ni vya dada yake."

Maneno hayo nilikwenda nayo njia nzima.

Siku moja kabla ya kuondoka nilishinda Mbalizi nikitafuta tairi ambalo halijachoka. Niliporudi nikakuta jamvini birika la chai na vikombe viwili vilivyosuuzwa. Nikamwuliza mama ni nani aliyekuwapo. "Mpita njia," akasema. "Aliomba maji." Maji gani yanayomiminwa kutoka birika la chai? Lakini nilikuwa na tairi la kuvika, sikufuatilia.

Mmeniuliza pia kwa nini sikupanda lori kama binadamu wengine. Dereva wa lori simjui, breki zake sizijui, na wanaolala juu ya magunia pamoja nami siwajui. Tukutuku yangu, ingawa niliinunua mkono wa pili kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga virago Chunya, nimekwisha kuifungua mpaka msumari wa mwisho. Ubaya wake naujua.

Chimala

Nilitoka asubuhi, koti refu jeusi la mvua mwilini, miwani ya vumbi machoni, debe la petroli limefungwa nyuma pamoja na mfuko wangu. Uyole ilikuwa na ukungu. Baada ya Igurusi nikapata pancha, ya mpira mpya bila shaka, maana mipira ya zamani huvumilia. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya njia nikipaka gundi, lori likapita na kunifunika vumbi mpaka kwenye meno. Juu ya magunia alikaa mwanamke wa makamo, kikapu mapajani. Watu wote wa lori walitazama mbele. Yeye aligeuka akanitazama mimi mpaka kona ikawameza.

Nikamkuta Chimala, kwenye kibanda cha chai. Lori lilikuwa likimeza maji. Alikuja moja kwa moja penye benchi langu, na mabenchi mengine yakiwa matupu.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene," nikajibu, maana salamu hainyimwi mtu.

Akafunua kikapu, akatoa viazi vya kuchemsha, bado vya moto, akanisogezea kimoja juu ya jani la mgomba. "Kula. Njia hii ni mrefu."

Nikasema nimeshiba. Tumbo likanguruma wakati uleule, likaniaibisha. Akatabasamu, akaanza kuuliza. Natoka wapi? Nikamwambia Tunduma. Nimeoa? Nikamwambia bado natafuta. Kwetu tunasali wapi? Nikamwambia popote panapofunguliwa. Sikuona kwa nini mtu wa kikapu ahitaji ukweli wangu.

"Na mama yako? Hajambo?"

"Mama alikwisha kufa," nikasema. Mungu anisamehe, lilitoka lenyewe, ili maswali yaishe.

Yule mama alishika mdomo kwa kiganja, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia, nikajuta. Kisha nikafikiri: kwa nini mtu amlilie maiti asiyemjua? Nikaondoka na chai yangu nusu, kiazi nikakiacha kwenye jani. Jambazi wa zamani alitumia rungu. Wa siku hizi, nasikia, hutumia viazi.

Iringa, na yule tena

Sitawachosha na habari za baridi. Aliyewahi kupita Makambako asubuhi atawasimulia. Mimi nakumbuka tu kwamba kule Sao Hill vidole vilikufa ganzi nikawa nashika breki kwa imani, na mimi imani sina nyingi.

Iringa nilifika Jumapili mchana, mji umetulia, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Nikatafuta hoteli ya chakula. Mwenye hoteli alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufi. Kabla ya kuagiza nikataka kujua nyama ni ya nani, imechinjwa lini, na mpishi ni nani. Nikaomba nimwone mpishi. Nikauliza pia mlango wa nyuma unatokea wapi, kwa sababu tukutuku ilikuwa nje.

Wateja walikuwa wakizungumza habari za mkutano wa chama na hotuba fulani. Wakanyamaza wote, kijiko kikasikika kikianguka.

"Wewe kachero?" mwenye hoteli akauliza.

"Mimi fundi."

"Fundi gani anauliza mlango wa nyuma?" Akanigeuzia mgongo. "Hapa chakula imekwisha. Chama sisi hatukijui. Hata hao wazee hapa hawajui kusoma."

Wazee wakatikisa vichwa kwamba kweli hawajui kusoma. Mmoja alikuwa na gazeti mkononi, akalikalia.

Nikatoka na njaa, nikaenda sokoni kutafuta ndizi zenye ganda, maana ganda ni ushahidi. Nikiwa nazichagua, nyuma yangu nikasikia, "Kamwene, mwanangu."

Kikapu kilekile. Mara moja ni bahati, mara mbili ni nini? Akasema lori lao linalala Iringa, yeye kwao ni hapa hapa upande wa Kalenga, ameshuka kuwasalimu wadogo zake, na kesho anaendelea. Hakusema anaendelea wapi, nami sikutaka kuuliza nisije nikaulizwa. Akanipa kibuyu kidogo.

"Togwa. Haileweshi. Wadogo zangu wametengeneza leo."

"Ahsante mama. Ninafunga."

"Leo Jumapili, mwanangu."

Nikasema kwetu Tunduma tunafunga hata Jumapili. Akaitazama ile ndizi iliyomenywa nusu mkononi mwangu, akaufunga mdomo wa kibuyu polepole, akasema, "Mungu akupe nguvu." Nililala misheni, mlango nikauegemeza tukutuku. Usingizi ulikuja lakini haukukaa.

Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni

Ule mteremko wa Kitonga unauliza maswali ambayo breki za Mgiriki hazikuwa na majibu yake. Kwenye kona moja niliamua kuanguka mwenyewe upande wa mlima kuliko kuangushwa upande wa bonde. Goti likachubuka. Nikalipaka dawa ya Atupele, nikaendelea, na kadiri nilivyoshuka ndivyo joto lilivyonipanda.

Mbuyuni tangi likakauka. Nikasimama kando ya shamba la vitunguu, nikaliweka debe la petroli juu ya jiwe, nikatumbukiza mpira mwembamba ndani yake, nikatia ncha ya pili mdomoni, nikavuta. Ndivyo sisi mafundi tunavyohamisha petroli. Ukivuta kidogo inashuka yenyewe. Nilikuwa bado na miwani ya vumbi machoni na koti jeusi mwilini, katika jua lile, kwa sababu sikutaka kulivua mahali nisipopajua.

Mwanamke aliyekuwa aking'oa vitunguu akainua kichwa, akaniona.

"Mumiani! Ananyonya! Mumiani!"

Mnayajua yanayosemwa juu ya mumiani, watu wanaozunguka wakivuta damu za wenzao kwa mipira na kuiuza iwe dawa. Hata mimi ningelimwona mtu kama mimi ningelipiga kelele. Waliinuka kutoka kila tuta. Walikuja na majembe, wakanizunguka. Mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akaukamata mfuko wangu, akautikisa. Ikaanguka chupa ya dawa nyekundu.

"Na hii?"

"Dawa ya kidonda, mzee."

"Kidonda cha nani?"

Nikapandisha suruali nikawaonyesha goti, na dawa yenyewe imekwisha kutiririka mpaka kwenye soksi. Mzee akaligusa, akawageukia wenzake. "Mnaona? Akikosa watu hujinyonya mwenyewe."

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, niliogopa. Nilimfikiria mama niliyemuua kwa mdomo kule Chimala, nikasema ndiyo malipo. Jembe moja lilikuwa limekwisha kuinuliwa.

"Mwacheni! Huyo namjua mimi!"

Lori lilikuwa limesimama mbele kidogo, dereva akinunua vitunguu vya kuuza Morogoro, na yule mama wa kikapu alikuwa akikimbia, khanga imemfunguka, kiatu kimoja kikiburuzika. Akapenya katikati ya watu akasimama mbele yangu, kifua kikimpanda.

"Namjua," akasema. "Namjua na mama yake."

Nikamwona mwongo hodari kuliko mimi.

"Kama unamjua, anaitwa nani?" mzee akauliza.

"Ambokile."

Hapo damu yangu, ile waliyodhani ni ya wizi, iliganda. Jina langu sikumtajia, wala Chimala wala Iringa. Nikawa sijui niogope nini zaidi, majembe au mwanamke huyu.

"Jina si kitu," mzee akasema. "Hata mumiani ana jina."

"Lakini mumiani hali ugali," akajibu, akaketi chini palepale kwenye udongo. Akafungua kikapu, akatoa bakuli lenye ugali ulioganda na maharage makavu, akaomba maji. Aliyeleta maji aliyamimina kwa mkono ulionyooshwa kabisa, asinisogelee. "Nawa, Ambokile. Kaa. Watu hawa wakuone."

Alitia mkono wake kwanza, akamega, akala. Kisha akalisogeza bakuli katikati, akauacha mkono wake pale pale ndani, karibu na wangu, na jembe la yule bwana lilikuwa bado juu. Wangenipiga mimi wangempiga na yeye. Nikamega tonge. Nilikataa chakula cha mtu huyu Chimala, nikakikataa Iringa, na sasa nilikila mbele ya kijiji kizima, wote wakiitazama shingo yangu. Tonge la kwanza sikulisikia ladha. La pili lilipita kwa shida. La tatu nikagundua kwamba maharage yale yalikuwa na vitunguu vilivyokaangwa vizuri na kwamba nilikuwa na njaa tangu Mbeya.

"Anameza," mzee akatangaza.

"Anaongeza," akasema yule mwanamke wa kwanza, na hapo mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Walitufungia vitunguu vya bure. Mzee akanirudishia chupa, akanionya nisinywe petroli mbele ya wanawake.

Niliponyanyuka kutafuta neno la kushukuru nikaona katambuga yake, vile viatu vya tairi la gari, kamba moja imekatika katika zile mbio. Kutengeneza ndiko ninakojua. Nikakata utepe wa mpira wa ndani, nikaupitisha, nikaufunga kwa waya wa shaba, lile fundo langu la kuzungusha mara mbili na kuuma kwa koleo, ambalo kila mwenye mashine Mbeya analijua. Akavaa, akakanyaga, akaridhika.

"Mama, jina langu umelijua wapi?"

"Ulikula vizuri," akasema, na lori likapiga honi.

Mikumi na Morogoro

Mtafikiri baada ya hapo nilitulia. Wapi! Mtu akikuibia unajua anachotaka. Mtu akikuokoa, je? Mikumi tembo walisimama njiani wakila kando zote mbili, wala hawakuonyesha kwamba wana safari nyingine. Nikazima tukutuku nikakaa mbali, nikiwaza jina langu katika kinywa cha yule mama. Labda ni mchawi. Labda ni mke wa askari, na serikali inanifuata kwa sababu ya yale maneno ya hoteli. Labda ni mwanamke wa Luka mwenyewe, yule mke mwingine, ametumwa anipumbaze. Hili la mwisho lilinikaa moyoni kwa sababu lilifanana na maisha.

Morogoro cheni ikakatika, na fundi wa pale akaniambia nyingine itakuja kesho. Kesho ya Morogoro ni ndefu. Niliketi kwake nikala ndizi za ganda, nikala mayai ya kuchemsha niliyoyamenya mwenyewe, na kila lori lililopita nilitazama juu ya magunia. La kwao lilikuwa limekwisha kupita zamani.

Dar es Salaam

Bahari nimeiona, maana mtauliza. Niliambiwa maji yake ni ya chumvi, nikashuka nikaonja. Ni kweli. Hilo ndilo jambo la kwanza katika safari nzima nililoambiwa likawa kweli mara moja.

Luka amepanga chumba Ilala, nyumba ya makuti, uani kuna mnazi na kamba ya nguo. Kambani palikuwa na khanga mbili. Nikazihesabu tena. Luka akatoka mbio, mikono ina grisi, akaniita shemeji, akataka kunipokea mfuko. Sikuutoa. Akaleta kiti, nikasimama. Akasema pilau ipo tayari, walijua nakuja.

"Nani amewaambia nakuja?" nikauliza. Sisi hatukumpelekea habari.

Akacheka kidogo, akatazama mlango. Nami nikatazama alipotazama, kama Subilaga alivyoniagiza. Pembeni ya kizingiti palikuwa na viatu vya kike.

"Hivi vya nani?"

"Vya shangazi yangu," akasema.

Sijui niwaelezeje nilichosikia. Nilimwona dada yangu amesimama katika mlango mwingine, mbali, na suti nyingine ikimjibu hivyo hivyo. Hasira ilinijaa mpaka masikio yakaziba. Niligeuka nikamwambia Luka, "Basi mimi narudi na njaa." Nikainama kufunga kamba ya buti langu ili nisimpige.

Nilipoinama viatu vile vikawa karibu na uso wangu. Vilikuwa katambuga. Kamba ya kimoja ilikuwa utepe mweusi wa mpira wa ndani, na juu yake waya wa shaba, umezungushwa mara mbili, umeumwa kwa koleo.

Mimi siwaamini watu, lakini mkono wangu naujua.

"Mwana wa marehemu amefika?" sauti ikatoka ndani, na yule mama wa kikapu akatokea, mwiko mkononi, mabega yakimtikisika vilevile kama Chimala. Sasa nikaona vizuri: hakuwa analia siku ile hata kidogo. "Luka, usimsumbue kwa pilau. Huyu amekwisha kula kwetu."

"Lini?" Luka akashangaa.

"Mbuyuni. Mbele ya watu na majembe. Sharti hilo la mjumbe hata sisi tunalo, Ambokile. Huyu mtoto mama yake alifariki akiwa mdogo, mimi ndiye nimemlea. Chakula yangu ndiyo ya nyumba yake."

Akanieleza akiwa amesimama. Kama baba alivyonituma, ndugu zake nao walimtuma yeye kimyakimya Mbeya, akaone ukoo anaokwenda kuoa mtoto wao. Akapita kwetu akaomba maji. Mama akampa chai. Katika mazungumzo mama akamtaja mwanawe anayesafiri kesho kwa tukutuku, na siku ya pili akaniona nimepiga magoti kwenye vumbi baada ya Igurusi.

"Nikasema nimpime na kaka mtu," akasema. "Nikauliza habari za mama yake, mzima, niliyekunywa chai kwake jana. Akamzika palepale Chimala."

Niliona aibu mpaka miguuni. Ningeweza kubisha. Bakuli la njiani si nyumba ya wakwe, na tonge la kuponea si tonge la kuridhia, na baba angelikubali hoja hiyo. Lakini nilikumbuka mkono wake ulivyobaki ndani ya bakuli karibu na wangu. Hakuwa akinidai kitu wakati ule. Nikamgeukia Luka.

"Dada yangu akija hapa, viatu vya nani vitakuwa mlangoni?"

Hakucheka. "Vyake," akasema. "Na vya shangazi akija. Na vyako, shemeji, ukikubali kuvivua."

Nikavua buti zangu nikaziweka kando ya katambuga, nikaomba maji ya kunawa. Pilau ile nilikula kwa hiari yangu, na sikuuliza mpishi ni nani, maana alikuwa mbele yangu akihesabu matonge.

Nyumbani

Kurudi hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba Mbuyuni walinipungia mikono na Iringa yule mwenye kofia ya sufi alifunga mlango aliponiona. Lile lori lilikuwa limenitangulia Mbeya, na dereva wake ndiye ninayemshuku kwa habari mlizokuwa nazo.

Baba aliuliza neno moja tu. "Ulikula?"

"Nilikula, tata."

Akaingia ndani kumwita Atupele. Sikusikia walichosema, nilisikia tu beseni likianguka na Atupele akikimbia uani. Subilaga aliuliza habari za viatu. Nikamweleza yote, hata lile la Chimala, dirisha la jikoni likiwa wazi, naye akasema nimwonyeshe hilo fundo. Nikatafuta kipande cha waya, nikamfungia polepole, akalishika akaligeuza huku na huku, akalitia mfukoni.

Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba yule mpita njia wake alikuwa mpelelezi.

"Kwani sikujua?" akasema, bila kugeuka. "Mtu anaomba maji, lakini macho yapo kwenye rafu ya vyombo, na anauliza kama wasichana wa hapa wanaamka mapema. Hiyo ni kiu gani? Nami nikampima. Alipomaliza chai akasuuza kikombe cha kwake na cha kwangu. Nikajua Atupele ameshapata mama."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungeamini? Nilimwambia yeye. Nilimwambia kesho mwanangu anapita njia hiyo hiyo, ni mtu mzuri, ila hali vya watu, atakufa njaa. Ukimkuta, mlishe. Akikataa, mlishe tena."

Nikavuta kigoda nikaketi. Njia nzima nilikuwa namkimbia mtu aliyetumwa na mama yangu. Mama akapakua, akaniwekea sahani mbele, akasimama mikono kiunoni.

"Nimeshakula, mama," nikasema. "Yule dereva wa lori nimemkuta Uyole, amenipa—"

"Sasa unakula vya dereva?" Akacheka, kisha akausogeza ule ugali karibu nami. "Basi kula tena. Hiki kimepikwa na marehemu."